Sanaa Itupatanishe, Isitupumbaze

Jioni ya Jumapili pale bustani ya Mama Ngina, Mombasa, haulizwi mtu kabila. Mgiriama, Mjaluo, Mswahili na Mhindi, kila mmoja ana muhogo wake wa kukaanga, umekamuliwa ndimu na kunyunyizwa pilipili, anatazama meli zikiingia Kilindini. Lakini ng'ambo ya mkondo zinamopita meli hizo ndiko Likoni. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakatwaa bunduki, wakaua, wakachoma nyumba na vibanda vya walioitwa watu wa bara. Katika majuma yaliyofuata waliouawa walipita mia moja, na maelfu wakayahama makazi yao. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa abiria wa feri moja.

Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza mapigano hayo, ikaandika ripoti. Lakini ripoti hukaa kabatini, na chuki hukaa moyoni. Ni nini kinachofika moyoni? Nasema sanaa: mchezo wa kuigiza, wimbo, picha, ngoma.

Sanaa nayo si malaika. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji, malenga wetu wa Mvita, yaani Mombasa, alirushiana beti za vita na Zahidi Mngumi wa Lamu, na mwisho wa uhasama huo jeshi la Mvita likavunjika pale Shela. Ulimi uliochochea waweza pia kutuliza, ila hautatuliza wenyewe.

Wapo wasemao, mbona kufukua makaburi? Nawajibu: mficha maradhi, kilio humuumbua. Baada ya machafuko ya uchaguzi ya 2007 na 2008, mpigapicha Boniface Mwangi na wenzake walianzisha Picha Mtaani. Walizitundika picha za machafuko yale barabarani, mji baada ya mji, wapita njia wakasimama, wakatazama walichotendeana, wakazungumza. Hawakuonyeshwa njiwa weupe. Walionyeshwa panga na majivu.

Basi tufanye nini? Kwanza, tutunge pamoja. Mchezo wa Likoni usiandikwe na upande mmoja. Mdigo, mwenyeji wa Likoni, aseme kilio chake cha ardhi na kazi za bandarini. Aliyechomewa kibanda naye aseme chake. Kila mmoja aigize nafasi ya mwenziwe. Pili, tuseme kweli. Wimbo wa "sisi sote ni ndugu" usiotaja aliyeuawa ni dawa ya usingizi. Tatu, tuanze mapema, si wakati moshi umeshapanda. Uwanja tunao: tangu bustani ya Mama Ngina ilipofanywa upya na kufunguliwa 2019, pana ngazi za kukalia watazamaji. Wanaousimamia wawafungulie vijana wa pande zote mbili za kivuko bila kuwatoza.

Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027, na wagombea watatafuta waimbaji. Ewe msanii wa Mvita, ukiletewa bahasha ili umtukane jirani, irudishe, kisha vuka feri ukamtafute mwenzio mtunge pamoja. Nasi watazamaji tusiishie kupiga makofi, tutoe kiingilio. Msanii anayelishwa na wananchi hana haja ya kulishwa na mgombea.