Mwaka Wachezaji Walipokataa Kuuzwa

Asubuhi moja nilikuwa nikinywa chai na wanangu, redio ikatangaza kwamba mchezaji fulani wa kandanda ameuzwa na klabu yake. Binti yangu, ambaye yupo darasa la nne, akaweka kikombe chini na kuniuliza: "Eti mama, mtu huuzwa?" Nilianza kumjibu kwamba huo ni usemi tu wa wapenda michezo, kisha nikasita. Usemi hauzuki bure. Nikakumbuka kisa cha wachezaji wa Marekani waliouliza swali hilo hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita, tena wao hawakuishia kuuliza. Kisa hicho ndicho nikuleteacho leo.

Wamarekani wana mchezo wao waupendao uitwao besiboli. Timu mbili za watu tisa tisa hupokezana zamu: mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, na wa upande wa pili huupiga kwa gongo kisha hutimua mbio kuzunguka vituo vinne. Mwaka 1876 wenye timu waliunda Ligi ya Taifa, na punde watu wakawa wanalipa viingilio kwa maelfu kuutazama mchezo huo. Palipo na asali hapakosi nyuki. Mwaka 1879 wenye timu walikubaliana faraghani kwamba kila mmoja awashikilie wachezaji watano ambao hakuna timu nyingine itakayowaajiri. Baadaye idadi hiyo ikaongezwa hata ikakaribia kuwa timu nzima. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, lakini kifungo hakikuwa na mwisho. Mchezaji asiyeridhika na mshahara wake alikuwa na njia mbili tu: kuupokea au kuacha mchezo.

Michael Kelly, mtoto wa wahamiaji kutoka Ireland, alikuwa kipenzi cha watazamaji kiasi cha kupewa jina la Mfalme. Mwaka 1887 timu ya Chicago ilimuuza kwa timu ya Boston kwa dola 10,000, fedha ambazo wakati huo zilimshangaza kila aliyezisikia. Fedha hizo zilitoka mfuko wa tajiri mmoja zikaingia mfuko wa tajiri mwingine. Kelly alikuwa ndiyo bidhaa.

Yupo mtu aliyeyatazama hayo kwa jicho la sheria. John Montgomery Ward alizaliwa mwaka 1860 katika jimbo la Pennsylvania, akawa yatima tangu utotoni. Alianza kwa sifa ya kurusha mpira, na mkono ulipoharibika akajifunza kucheza nafasi nyingine. Huku akicheza, alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia akafuzu mwaka 1885. Mwaka huo huo, yeye na wenzake wa New York waliunda chama cha wachezaji kilichojiita Udugu. Mwaka 1887 aliandika makala iliyouliza waziwazi: je, mchezaji ni mali ya mtu?

Wenye timu hawakulijibu swali hilo kwa maneno. Mwishoni mwa mwaka 1888, Ward akiwa safarini na kundi la wachezaji waliozungushwa duniani na Albert Spalding, mwenye timu ya Chicago, nyumbani ilipitishwa kanuni mpya. Wachezaji wagawanywe katika madaraja matano, la juu dola 2,500 kwa mwaka na la chini dola 1,500. Tena daraja litazame si uhodari tu, bali hata mwenendo wa mchezaji nje ya uwanja. Ward alikatiza safari akarudi. Aliomba mazungumzo, akaambiwa asubiri hadi msimu uishe.

Basi wachezaji wakajipanga kimya kimya, na msimu wa 1890 wakaanzisha ligi yao wenyewe. Takriban wachezaji 100 walizihama timu za zamani, wakiwemo wengi wa wale waliong'ara. Ligi hiyo ilikuwa na timu nane, na katika miji saba kati ya minane ilikuwepo pia timu ya Ligi ya Taifa. Hapakuwa na sharti la kumshikilia mtu, wala mchezaji hakuweza kuhamishwa bila ridhaa yake. Katika uongozi, wachezaji walikaa meza moja na matajiri waliotoa mtaji. Wenye timu walikimbilia mahakamani kumzuia Ward, lakini Januari 1890 hakimu wa New York alikataa ombi lao. Mkataba gani huo, ambao upande mmoja umefungwa bila kikomo na upande wa pili waweza kujitoa kwa notisi ya siku 10?

Spalding hakukata tamaa. Alipanga mechi za timu zake siku zile zile na mji ule ule wa mechi za wapinzani. Kisha akamwita Kelly, akamwekea mezani hundi ya dola 10,000 pamoja na mkataba wa miaka mitatu ambao mshahara wake angeujaza mwenyewe. Ndugu msomaji, pima hapo: fedha zile zile alizouzwa nazo miaka mitatu nyuma, sasa zingekuwa zake. Spalding mwenyewe alisimulia baadaye kwamba Kelly aliomba ruhusa atembee kidogo afikiri, akarudi, akakataa kuwasaliti wenzake. Kisha akaomba akopeshwe dola 500, naye Spalding akampa.

Kelly aliiongoza timu yake ya Boston kuwa bingwa, ikishinda mechi 81 na kufungwa 48. Timu ya Ward, ya Brooklyn, ikawa ya pili. Ligi ya wachezaji ilipata watazamaji wengi kuliko Ligi ya Taifa, ingawa pande zote mbili zilitia chumvi katika hesabu zao. Lakini mkate mmoja ulikuwa ukigawanywa mara mbili, na kila upande ulipata hasara. Timu ya zamani ya New York ilikaribia kufilisika kiasi kwamba katikati ya msimu wenye timu wengine walilazimika kuichangia.

Msimu ulipokwisha, Spalding alikuwa na timu mahututi lakini akajifanya mzima. Aliwaita matajiri wa ligi ya wachezaji kwenye mazungumzo. Wachezaji walipotaka kuingia, wenye Ligi ya Taifa walikataa kukaa nao. Matajiri wale, kila mmoja akiiogopea akiba yake, wakaanza kupatana na wapinzani mmoja mmoja. Ligi iliyoshinda uwanjani na mahakamani ikafa mezani, katika chumba ambacho wachezaji hawakuruhusiwa kukanyaga. Mwaka 1891 walirudi chini ya sharti lile lile. Halikuvunjwa hadi Desemba 1975, zaidi ya miaka 84 baadaye.

Lipo jambo jingine ambalo sitalificha. Mwaka 1884 Moses Fleetwood Walker, mtu mweusi, alicheza katika ligi kuu pamoja na timu ya Toledo. Muda si mrefu watu weusi wakafungiwa mlango, na ukafungwa hadi mwaka 1947. Wachezaji wa 1890, waliolalamika kwamba wanauzwa kama watumwa, hawakumwita hata mchezaji mmoja mweusi katika ligi yao. Nyani haoni kundule.

Jioni nilimsimulia binti yangu kisa hiki, nikiacha yaliyo mazito. Akafikiri, kisha akauliza: "Sasa mbona hawakuwa na chumba chao wenyewe?" Nilimwambia kwamba chumba walikuwa nacho, ila funguo waliwaachia wenye fedha. Nawe msomaji, utakapowasikia wanao wakisema kwamba mchezaji fulani ameuzwa, waulize kama mwenyewe ameulizwa.