Wimbo Kutoka kwa Rafiki

Remmy Ongala alipoimba “Mambo kwa Soksi”, wimbo wa dansi uliohimiza matumizi ya kondomu, Radio Tanzania ilikataa kuurusha hewani. Hata hivyo ulivuma kumbini na katika kanda zilizopita mikononi mwa marafiki.

Funzo hilo laifaa Iyula, katika wilaya ya Mbozi inayokatizwa na barabara kuu ya malori yaendayo Tunduma na Zambia, ambako elimu ya UKIMWI ingali yahitajika. Mpenzi wa kwaya akimtumia mwenzake wa bongofleva wimbo kwa simu, husikilizwa kwa sababu umetoka kwa rafiki. Basi watoa elimu ya afya wasijifunge na mtindo mmoja: ujumbe uimbwe katika mitindo yote, kisha marafiki waachiwe kuusambaza.