Msimamizi Akae Upande wa Mwanafunzi

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa mwisho chuoni huko nyumbani, na nyinyi walimu wao, nawaandikia.

Jirani na Philadelphia, ninakoishi, kuna chuo kidogo kiitwacho Swarthmore. Mwaka 1922 mkuu wake, Frank Aydelotte, aliyewahi kusoma Oxford, alianzisha utaratibu wa pekee kwa wanafunzi wanaotaka kuchimba zaidi. Husoma katika vikundi vidogo, na wengine huandika tasnifu wakiongozwa na mwalimu. Mwishoni huja wataalamu kutoka nje ya chuo, wakaketi na mwanafunzi na kumhoji. Hao ndio wanaoamua kama anastahili kuhitimu kwa heshima (honors). Mwalimu aliyemlea haamui.

Hapo ndipo ninapotaka mtazame. Msimamizi asipokuwa hakimu, mwanafunzi humwambia waziwazi, "Hapa sielewi." Mwalimu naye husoma kila rasimu kwa ukali, maana watakaoikagua ni wanataaluma wenzake.

Mtasema vyuo kama hicho ni vidogo na vina fedha. Kweli kabisa. Mhadhiri mwenye darasa lililofurika hawezi kuonana na kila mmoja kila wiki, nami simlaumu. Lakini watahini wa nje vyuo vyetu vya nyumbani vinao tayari. Huja kukagua karatasi za mitihani. Waombwe wabaki siku moja zaidi, wahoji hata wanafunzi wachache watakaochaguliwa bila kujulishwa mapema. Ile biashara ya wanafunzi kuandikiwa utafiti kwa malipo kwenye maduka ya steshenari itatikisika. Utatetea vipi majibu ya dodoso ambalo hukuligawa?

Nanyi wanafunzi, chagueni swali dogo lililo lenu. "Athari za utandawazi kwa maendeleo ya jamii" haliishi kwa muhula mmoja. Nani hupanga bei ya dagaa pale kwenye soko la samaki la mwaloni Kirumba, na kwa nini hubadilika kabla jua halijapanda? Hilo unaweza kulifuata kwa miguu yako, ukaongea na akina mama wanaouza, ukarudi kwa msimamizi na daftari lililojaa.

Sisi wenye shahada tulioko huku tunaweza kuhoji kwa simu ya video, bila posho. Idara itutumie tasnifu mwezi mmoja kabla, tutazisoma zote, kurasa za mwisho pia. Wakuu wa idara, tupeni tarehe.