Tuanzie Ekseli ya Nyuma

Katika Nyanda za Juu Kusini magari mengi huongezewa mabamba ya springi ili yabebe viazi, mahindi au mbao. Mengine hubadilishiwa ekseli nzima ya nyuma. Kazi hiyo yenyewe si kosa. Kosa ni kwamba gari likianza kuvuta upande mmoja, fundi hukimbilia tairodi za mbele, wala haulizi kama ekseli ya nyuma ingali mahali pake.

Ekseli hiyo hufungwa kwenye springi kwa bolti zenye umbo la U, na kichwa cha senta bolti hukaa katika tundu lake ili isisogee. Bolti za U zikilegea, senta bolti hubeba mzigo usio wake, na mwishowe huweza kukatika. Hapo upande mmoja wa ekseli hurudi nyuma, na gari huenda kimshazari. Sentimita 1 si ndogo: ikiwa magurudumu ya kushoto na kulia yameachana sentimita 140, na ekseli mbili zimeachana sentimita 280, nyuma ya gari hupita kando ya njia ya mbele kwa sentimita 2. Kurekebisha tairodi hunyoosha usukani tu, ugonjwa hubaki.

Katika barabara tambarare kosa hilo huweza kuvumilika. Katika Mlima Kitonga mkoani Iringa, au mteremko wa Iwambi mkoani Mbeya, ekseli iliyolegea yaweza kusogea zaidi dereva anapokanyaga breki, na abiria wakalipa gharama.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Gari lisimame kwenye sakafu iliyo sawa. Kwa timazi na chaki, fundi atie alama chini ya matundu mawili yanayolingana ya fremu, kushoto na kulia, kisha chini ya ncha mbili za ekseli. Urefu wa pande mbili ukitofautiana, ekseli imepinda njia. Pande zikilingana lakini mishazari ikatofautiana, ekseli imesogea kando.

Kwa maoni yangu, vyuo vya ufundi vya Iringa na Mbeya havina budi kumzoeza kila mwanafunzi kipimo hiki kabla hajagusa tairodi. Naye mwenye gari asikubali kulichukua kabla hajaonyeshwa vipimo, wala asisahau kulirudisha bolti zikazwe tena baada ya safari za kwanza. Anayenyoosha mbele na kuiacha nyuma hajatengeneza gari, ameficha hatari.