Kanzu Iliyorudi Dukani

Tulipokuwa masomoni Khartoum, tulinunua kanzu katika soko la Omdurman bila kuijaribu. Bwenini tukaiona fupi. Kesho yake tuliirudisha huku tukiona haya, maneno ya kujitetea tumeshayapanga. Mzee mwenye duka hakuuliza kitu. Alitukirimu chai, akaturudishia fedha zetu zote, kisha akatuombea kheri masomoni.

Katika fiqhi tulikwisha kusoma iqala, yaani muuzaji kukubali kuvunja mauziano kwa ajili ya mnunuzi aliyejuta. Tuliikariri kwa mtihani tu.

Hapa kwetu vibao husomeka: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Ni kweli, kitu kizima muuzaji halazimiki kukipokea, kibovu kina hukumu yake. Lakini kibao hicho kimetundikwa hata katika maduka ya wakfu wa msikiti wetu, na mikataba yake tumeiandika sisi.