Mkubwa Jalala: Uongozi katika Miradi ya Teknolojia

Wahenga walinena kuwa mkubwa ni jalala. Aghalabu twaitumia methali hii kumliwaza mzazi au mwalimu aliyerushiwa lawama. Nadiriki kusema kwamba inaeleza vyema pia kazi ya kiongozi wa mradi wa teknolojia: kwake hutupwa habari ambazo hakuna anayezitaka, naye hana budi kuzipokea.

Tutazame M-Pesa, ambayo wengi hudhani ilizaliwa jinsi tuijuavyo. La hasha! Jaribio lake lilianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja wasiofika 500. Azma ilikuwa kuwawezesha wakopaji wa Faulu kulipa mikopo yao kwa simu, na Susie Lonie wa Vodafone alikuja Kenya kusimamia kazi hiyo. Habari zilizotoka mashinani hazikupendeza. Wakopaji walizoea kukutana vikundini na kudhaminiana, na hesabu za shirika hazikuoana kwa urahisi na mfumo mpya. Fauka ya hayo, wateja waliutumia mfumo kwa mambo yasiyokusudiwa: kutumiana fedha, kununuliana muda wa maongezi, hata kuweka pesa kabla ya safari na kuzitoa wakifika.

Kiongozi mwenye kiburi angaliwakemea wateja, au angaliwalaumu waunda programu. Hawa walikubali kwamba lililohitaji kurekebishwa ni lengo lenyewe. Mkopo ukawekwa kando, na kutuma pesa nyumbani kukawa kiini cha huduma iliyozinduliwa Machi 2007, Michael Joseph akiwa ndiye mkuu wa Safaricom. Wapo watakaosema siri ilikuwa fedha za Vodafone na za serikali ya Uingereza. Fedha zilikuwapo, sikatai. Lakini fedha hizohizo zingaliweza kuendeleza lengo lilelile la awali hadi zikaisha.

Yatuhusu nini sisi wa Kiswahili? Mno. Siku hizi tunaunda kamusi za kompyuta na hazina za istilahi, na wasaidizi wake ni wanafunzi. Katika mradi mmoja wa aina hiyo nilioufanyia kazi, tuliwaona walimu wa shule za upili wakitafuta "walimwandikia" na kukosa jibu, kwani mfumo ulijua "andika" pekee. Tuliripoti. Tukaambiwa idadi ya vidahizo imekwisha kuandikwa katika ombi la ufadhili, basi tuendelee kuingiza. Tuliendelea. Kasoro zilizofuata, na zilikuwa nyingi, hakuna aliyejisumbua kuzitaja.

Rai yangu kwa wahadhiri wanaoandika maombi ya ufadhili ni hii: itengwe siku moja kila mwezi ambapo msaidizi wa chini kabisa ataeleza kilichokwama, mbele ya mtu mwenye idhini ya kubadilisha mpango. Idhini hiyo iombwe kwa mfadhili mapema, kabla kidahizo cha kwanza hakijaingizwa.