Siku Tatu za Uvimbe, Dozi Moja ya Dawa

Mchuuzi wa Kariakoo hufanya kazi kwa kinywa chake. Huita wateja, hutaja bei na kupatana nao tangu asubuhi hadi jioni. Anapoambiwa kwamba gego lake la mwisho, ambalo wengi huliita jino la hekima, limekwama katika taya la chini na halina budi kuondolewa kwa upasuaji, huuliza atarudi lini kwenye meza yake. Kutoka Kariakoo hadi Muhimbili ni mwendo mfupi. Huyu ni jirani yetu. Naona kwamba sisi wa fani ya kinywa na meno hatujalipa swali lake uzito unaostahili.

Upasuaji huo hulazimu kufungua ufizi, na mara nyingi kuchonga mfupa. Mwili hulijibu jeraha kwa uvimbe, ambao hufikia kilele kati ya siku ya pili na ya tatu. Misuli ya kutafuna hukaza, kinywa hakifunguki vizuri, na kula huwa taabu. Hayo hutokea hata pale upasuaji ulipofanywa kwa ustadi. Lakini kwa mtu anayeishi kwa mauzo ya kila siku, siku tatu za kukaa ndani ni kodi na chakula cha watoto.

Dawa za jamii ya steroidi, hasa deksamethasoni, zimechunguzwa kwa miongo mingi katika upasuaji huu. Dozi moja ya miligramu 4 hadi 8, ikitolewa muda mfupi kabla ya upasuaji au mara baada yake, hupunguza uvimbe na kukaza kwa taya katika siku hizo za mwanzo. Kwa maumivu, faida yake ni ndogo zaidi; ibuprofeni au parasetamoli bado huhitajika. Dawa yenyewe ni ya zamani, si ghali, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa maoni yangu, kila mgonjwa anayekabiliwa na upasuaji mgumu wa gego la chini aelezwe habari zake, na apewe iwapo hana kizuizi.

Wapo wenzetu wanaosita, nao wana sababu. Mtaani, jina la steroidi limeharibiwa na krimu za kujichubua, zilizowaachia watu ngozi nyembamba yenye michirizi. Aidha, dawa hizi hupandisha sukari mwilini, huchokoza vidonda vya tumbo, hudhoofisha kinga na huweza kuficha dalili za maambukizi. Zikitumiwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo huzembea, na kuziacha ghafla kukawa hatari. Hata hivyo, sehemu kubwa ya madhara hayo hutokana na matumizi ya majuma na miezi. Dozi moja kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine ni jambo jingine kabisa.

Hofu ya matumizi mabaya isimnyime mgonjwa matumizi mema. Dozi itolewe na daktari mwenyewe na kuandikwa katika faili, na mgonjwa asiondoke na vidonge vya akiba. Kabla ya hapo aulizwe kuhusu kisukari, vidonda vya tumbo, kifua kikuu na ujauzito, na kinywa kikaguliwe kama kina usaha.

Nawe msomaji, usiende kuinunua dukani kwa sababu ilimfaa jirani yako. Mwulize daktari wako kabla ya upasuaji kama inakufaa, na umweleze maradhi yako yote bila kuficha. Na uvimbe ukizidi kuongezeka baada ya siku ya tatu, ukipata homa, au ukishindwa kumeza, rudi hospitali siku hiyo hiyo.